Shajara ya kamusi ya sauti: siku 28 na neno "désoxyribonucléique"

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeanza leo. Binti wa dada yangu amehamia kwangu hapa Buyenzi, Bujumbura, tangu mwezi wa nane. Kule Kigoma alikuwa akisoma sayansi kwa Kiingereza na kuelezana na wenzake kwa Kiswahili. Hapa kila kitu ni Kifaransa. Hesabu anaimudu, maana namba ni zilezile. Kinachomtesa ni maneno ya biolojia. Jana usiku alinijia na daftari mkononi: "Mjomba, hili neno nianzie wapi kulisoma?" Neno lenyewe ni la pili katika acide désoxyribonucléique, asidi iliyo ndani ya seli inayobeba sifa za kurithi. Nimelihesabu: herufi 19.

Kigoma aliijua kama DNA, akiitaja di-en-ei. Hapa ni ADN, a-de-en. Nilimwonyesha kwamba herufi zimegeuka kwa sababu Kifaransa hutanguliza jina na kufuatisha sifa, kama sisi tunavyosema asidi fulani wala si fulani asidi. Hilo lilimkaa mara moja. Neno refu halikumkaa.

Mpango ni huu. Maneno 60 ya biolojia na kemia kutoka kwenye daftari lake, kila neno faili moja ya sauti, likitamkwa mara tatu: kwanza silabi moja moja, kisha kwa mwendo wa kawaida, kisha ndani ya sentensi. Kando ya sauti nataka maandishi ya matamshi kwa herufi ambazo mtu aliyesoma Kiswahili anazifahamu. Kukata silabi nitaiachia programu ndogo ninayoiandika mwenyewe, ili orodha ikifika 600 nisianze upya. Neno la kupimia kazi ni hilihili la herufi 19. Programu ikilikosea, bado haijawa tayari.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo mchana tulikaa barazani tukalipigia neno makofi, kofi moja kwa kila silabi. Nilitaka kusikia anavyolikata kabla sijamfundisha chochote. Alilikata hivi: de-so-ksi-ri-bo-nyu-kle-i-kwe. Makofi tisa.

Ukimsikiliza vizuri, sehemu kubwa ya kazi ameshaifanya. Sikio la Kiswahili linataka kila silabi ifunguke kwa irabu, na Kifaransa nacho kinapenda konsonanti iende na irabu inayofuata. Kwa hiyo ri, bo, kle zilitoka bila kufundishwa. Hakusema nuk-le. Kifaransa nacho kinakataa nuk-le, kwa sababu l au r ikifuata konsonanti kama c, b, p au t, huwa hawaachanishwi: nu-clé, hy-dro-gène, mi-cro-be.

Palipokosewa ni hapa. S iliyo kati ya irabu mbili aliisoma s, nayo ni z. X ni sauti mbili, k na s, na mdomo wa Mfaransa huzigawa: k hufunga silabi ya nyuma, s hufungua ya mbele, zok-si. "Nyu" ameitoa Kigoma, maana nyuklia yetu imepitia Kiingereza. Na mwisho alisoma kila herufi iliyoandikwa, ilhali -que mwishoni ni k tupu.

Matamshi sahihi, kwa herufi nilizochagua: de-zok-si-ghi-bo-nü-kle-ik. Silabi nane. Gh na ü nitazieleza siku nikirekodi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku nne za programu. Nieleze nilipokwama, kwa sababu pamenifunza zaidi kuliko palipokwenda sawa.

Nilidhani nitaokoa muda kwa kuchukua kanuni zilizopo tayari za kukata maneno mwishoni mwa mstari. Ziko nyingi na ni nzuri. Njia yake iliandikwa na Frank Liang katika tasnifu yake ya 1983 kule Stanford, kwa ajili ya programu ya kupanga kurasa iitwayo TeX, na Kifaransa kina ruwaza zake. Tatizo ni kwamba zinajibu swali la mpiga chapa, wala si la mtoto anayesoma kwa sauti. Mpiga chapa wa Kifaransa amekatazwa kukata kabla au baada ya x iliyo kati ya irabu, kwa kuwa herufi hiyo moja imebeba sauti mbili na hakuna pa kuweka kisu. Vilevile hakati kati ya irabu mbili zilizoshikana, hata kama kila moja inasikika peke yake. Ukizifuata kanuni zake unapata dé-soxy-ri-bo-nu-cléi-que: vipande saba. Soxy imebaki kipande kimoja ingawa mdomoni ni mbili. Clé na i zimefungwa pamoja ingawa mdomoni zimeachana. Na que imepewa kipande chake ingawa mdomoni haina irabu hata moja.

Kisha kuna kisu cha tatu, cha mwalimu wa sayansi: dés-oxy-ribo-nuclé-ique. Vipande vitano, na kila kimoja kina maana.

Saba, nane, tano, kwa neno moja. Jioni nilimwonyesha mpwa wangu karatasi yenye mistari mitatu. Aliitazama sana, halafu akauliza: "Kwa hiyo mwalimu akisema tugawe neno, anataka upi?" Ni swali la haki kabisa. Nimeona darasa likimsahihisha mtoto kwa kisu kimoja wakati yeye alikuwa ameshika kingine, na hakuna aliyemwambia kwamba visu ni vitatu. Kuanzia leo kila ukurasa wa kamusi utakuwa na mistari yote mitatu: wa mdomo, wa kalamu, wa maana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hitilafu ya kwanza kubwa. Programu ilitoa silabi saba badala ya nane, ikamalizia na "klek". Nusu siku nikitafuta. Chanzo ni mstari mmoja nilioandika mwanzoni wa kuondoa vialama vyote vya juu ya herufi ili kurahisisha mambo. Ukiiondolea é kialama chake, cléique inakuwa cleique, na ei kwa Kifaransa ni irabu moja, kama katika neige, theluji. Kumbe kile kistari kidogo juu ya e ndicho kinachozitenga irabu hizo mbili. Nimeufuta mstari ule. Vialama vinabaki hadi hatua ya mwisho kabisa.

Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kamusi, kwa ajili ya wanafunzi: usiandike Kifaransa bila vialama ukidhani ni mapambo.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo s. Herufi moja, siku nzima, na bado haijaisha.

Kanuni ya shuleni inasema s kati ya irabu mbili ni z. Katika désoxy inafanya kazi. Nikaijaribu kwenye orodha yote, ikaharibu monosaccharide na polysaccharide, ambazo ni s safi: mo-no-sa-ka-ghid. Aérosol vilevile. Nikasema basi, nimeelewa: s ikiwa ni ya kuanzia mzizi, inabaki s, ikiwa ni mkia wa kiambishi kama dés-, inageuka z. Nikaandika hivyo, nikaridhika. Orodha ikaendelea, ikafika chromosome. Huko s ndiyo inayoanzisha mzizi, kutoka sôma ya Kigiriki, mwili, na bado Wafaransa wanasema kgho-mo-zom. Ribosome hivyohivyo, lysosome hivyohivyo. Lakini psychosomatique, yenye mzizi uleule, ina s. Halafu ikaja dysenterie, ugonjwa wa kuhara damu. Pale s ni mkia wa kiambishi dys-, kwa kanuni yangu ilipaswa kuwa z, nayo ni s.

Kanuni ya herufi haitoshi, na kanuni ya mizizi nayo haitoshi. Nilichofanya ni kuiacha programu itumie mizizi kwanza, na kando yake nikaweka orodha ya maneno yaliyosemwa na kusikilizwa moja moja, ambayo ina neno la mwisho. Kwa sasa ina maneno 11. Sioni aibu kwa orodha hiyo. Hata mzungumzaji aliyezaliwa na lugha ana orodha yake kichwani, ila hajawahi kuiandika.

X nayo ina yake: ks katika oxygène, lakini gz katika hexagone na examen. Hiyo imekwenda haraka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mwalimu mstaafu wa kemia, jirani yetu, amepita jioni. Nilimwamkia, nikamwonyesha mstari wa maana, akavuta kiti. Nayaandika aliyosema, pamoja na niliyoyajua, kwa sababu yanaingia kwenye ukurasa wa neno.

Mpwa wangu alikuwa anadhani dés- ni mapambo tu. Mwalimu akamwandikia ribose, C5H10O5, na chini yake désoxyribose, C5H10O4. "Tafuta kilichopungua, mama." Atomi moja ya oksijeni. Ndiyo maana ya dés-oxy: oksijeni imeondolewa. Jina ni maelezo ya sukari yenyewe. Mwanakemia Phoebus Levene aliitambua sukari ya ribose katika asidi hizi mwaka 1909, na hiyo iliyopungukiwa mwaka 1929.

Oxy ni ya kundi la Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, kutoka Kigiriki oxys, kikali au kichachu. Yeye alidhani gesi ya oksijeni ndiyo mama wa asidi zote. Alikosea, lakini jina likabaki, na mwaka 1787 likaingia katika kitabu cha kanuni za majina ya kemia alichokitoa pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy.

Nuclé ni kokwa. Mwaka 1869 Friedrich Miescher, kule Tübingen, alikuwa akichunguza usaha kutoka kwenye bendeji za wagonjwa, akapata kitu kutoka ndani ya viini vya seli, akakiita nukleini. Miaka 20 baadaye Richard Altmann akakiita asidi ya nukleiki. Na hapa Kiswahili hakijapitwa: sisi tunasema kiini, neno lilelile la ndani ya yai. Mfaransa anasema noyau, neno lilelile la kokwa la embe. Kilatini nacho, nucleus, ni kokwa. Lugha tatu zimechungulia ndani ya seli: mbili zikaona tunda, moja ikaona yai.

Lakini iliyotushangaza wote ni ribo. Haina mzizi wa Kigiriki wala Kilatini. Mwaka 1891 Emil Fischer na Oscar Piloty walitengeneza sukari mpya kutokana na sukari nyingine iitwayo arabinose, wakalipanga upya jina la arabinose, herufi zikachezeshwa, ikatoka ribose. Na arabinose imeitwa hivyo kwa sababu ya gundi ya Kiarabu, ile inayotoka kwenye migunga ya Sudani na nchi za ukanda ule. Kwa hiyo katikati ya neno linalomtisha mtoto wa darasani kuna vipande vya neno "Arabu". Mpwa wangu alicheka kwa furaha. Tangu jioni hiyo ribo hajaikosea tena.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimepata kitu ambacho sikukitafuta.

Nilikuwa nasikiliza rekodi zake za kwanza nikizilinganisha na za mzungumzaji wa Kifaransa, nikijiandaa kumfundisha mkazo. Kifaransa kinaweka mkazo kwenye silabi ya mwisho ya kifungu. Kiswahili kinaweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nilitarajia vita. Nikasikiliza mara ya tatu, nikagundua kwamba mkazo wake umekaa mahali palepale.

Sababu ni hii. Mfaransa anamalizia kwa konsonanti: nü-kle-IK. Mswahili hamalizii kwa konsonanti, anaongeza irabu: nu-kle-I-ki. Ameongeza silabi moja nyuma, na mkazo wake unarudi silabi moja nyuma. Wote wawili wametua juu ya i ileile.

Nikakimbilia orodha. Oxygène, ok-si-ZHEN; oksijeni, o-ksi-JE-ni. Molécule, molekuli: mkazo kwenye ku. Atome, atomi: kwenye to. Électron, elektroni: kwenye tro. Maneno ambayo babu zetu wa darasani waliyaleta kwenye Kiswahili kwa kuyaongezea irabu yamehifadhi mkazo wa Kifaransa bila mtu kukusudia, hata pale yalipopitia njia nyingine kufika kwetu.

Basi mafundisho yamebadilika. Sitamwambia tena "usiongeze i mwishoni" kama jambo la kwanza. Namwambia: litamke Kiswahili kamili, nukleiki, kwa mkazo wako wa kuzaliwa. Sasa meza i ya mwisho. Usiguse kingine. Amefanya mara tano, ya tano imetoka kama ilivyo kwenye rekodi. Na kusini mwa Ufaransa, Marseille na pande zile, watu wengi wanaitamka e ile ya mwisho kidogo, nu-clé-i-que, silabi tisa kama makofi ya mpwa wangu ya siku ya kwanza. Kwa hiyo hata hiyo i haikuwa kosa la mjinga.

Kuna maneno ambayo hayatapata msaada huu: yanayoishia kwa irabu inayosikika. Noyau ni nwa-YO, na ulimi wetu unataka NWA-yo. Électricité inataka nguvu kwenye te, sisi tunaitia kwenye si. Nimeyatenga. Ni maneno 17 kati ya 60, na hayo ndiyo yatakayokula muda wa mazoezi.

Jumapili, 2 Novemba

Kurekodi. Simu, shuka mbili za kuziba mwangwi, chumba cha nyuma, baada ya sala ya alfajiri kabla pikipiki hazijaanza.

R ya Kifaransa. Wengi hapa Burundi na Kongo huitamka kwa ncha ya ulimi, na wanaeleweka bila shida yoyote, sitamkataza mtu. Lakini anayetaka ile ya Paris, nilikuwa natafuta namna ya kumwelekeza. Gh ya ghali na lugha iko jirani kabisa nayo. Tatizo, mpwa wangu anasema "luga", kama wengi wa kwao. Nikamwambia asome Alfatiha hadi mwisho. Kwenye ghayri 'l-maghdhubi ghaini ikatoka mara mbili, safi, kama alivyofundishwa madrasa. Sauti anayo tangu ana miaka sita, ila alidhani ni ya Kiarabu tu. Ghi-bo ikatoka.

U ya Kifaransa, ile niliyoiandikia ü, haina jirani kwetu. Maelezo niliyorekodi: sema i, uishikilie, halafu bila kuusogeza ulimi viringisha midomo kama unasema u. Akianza na u hapati, akianza na i anapata. Ni lazima aipate, kwa sababu nu na nous ni maneno mawili tofauti. Bahati nzuri neno letu halina irabu za puani. Hizo zinatusubiri kwenye photosynthèse, fo-to-sẽ-tez. Nimemwandikia kando yake usanisinuru, silabi sita za Kiswahili zinazosema wazi kwamba mmea unaunganisha kwa nuru. Napenda alione neno hilo kila anapofungua ukurasa ule.

Mazoezi tunayafanya kutoka mwisho kwenda mwanzo: ik. Kle-ik. Nü-kle-ik. Bo-nü-kle-ik. Ukianza mbele, unachoka ukifika mwisho na mwisho ndio wenye mkazo. Ukianza nyuma, kila ukirudia unaelekea mahali unapopajua.

Jumamosi, 8 Novemba

Faili la désoxyribonucléique limekamilika, sekunde 41. Sentensi ya mfano: L'acide désoxyribonucléique se trouve dans le noyau de la cellule. Nimelirekodi mara mbili zaidi kwa sababu ya acide. Akilisoma peke yake ni a-SID, sawa. Ndani ya kifungu mkazo lazima uhamie kwenye ique na acide ipite kimya, na d mbili zinakutana, a-sid-de-zok, bila kuweka i katikati. Hapo ndipo alipokuwa akiteleza, na ndipo nilipoweka pumziko fupi kwenye rekodi ya polepole.

Acide ribonucléique, ARN (RNA ya Kiingereza), limetoka karibu bure: ondoa vipande viwili vya mwanzo, mengine yote ni yaleyale.

Yaliyokamilika: 23. Yanayosubiri kusikilizwa tena: chromosome na ribosome, niliyarekodi kwa s kimakosa. Orodha ya maneno yasiyofuata kanuni imefika 14. Mwalimu amekubali kusikiliza faili zote Jumatano jioni na kuweka alama kwenye zile anazoona zirudiwe. Mpwa wangu ameomba lifuatalo liwe noyau, kwa sababu Jumatatu wanaingia sura ya seli.